Okidi ya Ukubwa wa Sahani

Idara ya Mimea Inayotambulika inautangazia umma kwamba tangu Jumatatu, saa tatu asubuhi, okidi mpya imeanza kuwepo rasmi. Kabla ya hapo ilikuwa ikichanua msituni bila kibali.

Aliyeileta ofisini ni mtaalamu wa mimea, mwanamke mpole asiyeishiwa matope viatuni. Lakini aliyeiona kwanza ni mjomba wake, mlinzi mstaafu wa msitu, ambaye kwa mwendo wake wenzake walimwita Kobe. Kule juu kwenye mawingu alisimama kupumzisha magoti, akasema, "Mwanangu, hiki kiua hakimo kwenye vitabu vyako."

Kweli hakikuwemo. Kilikuwa cheupe, kidogo kama ukucha. Akamwahidi mjomba kwamba kitaitwa kwa jina lake, na mzee, asiyezoea kupewa kitu, akajifuta macho kwa kofia.

Idara iliunda Kamati ya Maelezo. Mkurugenzi aliiongoza mwenyewe, kwa kuwa ua, kwa mujibu wa waraka wake wa asubuhi hiyo, lingeitwa jina lake.

"Ukucha?" aliuliza. "Mimi na ukucha wapi na wapi?"

"Ndivyo lilivyo, mheshimiwa," mtaalamu alijibu.

"Hayo ni maoni yako. Kamati inasemaje?"

Kamati, baada ya chai, ilisema sahani. Katibu akapendekeza rangi nyekundu, maana nyeupe haipendezi kwenye televisheni. Harufu nzuri ilipitishwa bila kupingwa.

"Mheshimiwa, kwa kanuni zetu, maelezo yakishachapishwa hayabadilishwi. Ua lisilolingana na maelezo si hilo," mtaalamu alionya.

"Safi kabisa. Andika: lolote dogo kuliko sahani si langu." Akagonga muhuri.

Mtaalamu alirudi nyumbani ameumia moyoni, hata akashindwa kumtazama mjomba usoni. Akamsomea maelezo yote.

"Hebu rudia hapo pa sahani," mzee alisema. Alipomaliza kurudia, mzee akatabasamu. "Basi langu bado hawajaliandika."

Usiku ule ule wakaliandika, wakapeleka kuchapishwa, ukucha kwa ukucha.

Waziri naye alisoma habari za ua jekundu, akataka kuliona. Msafara ulipanda siku mbili. Mkurugenzi, akihema, akaonyesha tawi lenye kiua cheupe.

"Ndilo hili, mheshimiwa Waziri."

Mtaalamu akafungua karatasi yenye muhuri. "Dogo kuliko sahani," alisoma. "Hili ni la Kobe."

Waziri akaisoma mwenyewe. "Na la kwako liko wapi?"

"Juu zaidi," alijibu Mkurugenzi, maana alikuwa hajui.

"Basi kalitafute. Ukilipata, utashuka."

Tangu hapo Mkurugenzi na Kamati nzima wanaishi kwenye mahema mlimani. Kila Ijumaa huandika ripoti ya dharura wakiomba kurudishwa mjini, na aliyeajiriwa kuishusha ni Mzee Kobe, ambaye njiani husimama sana kutazama maua.