Unga wa Mwani na Mbuzi wa Ntheo

Jumatatu, 2 Novemba 1987. Mtito Andei.

Ninadai, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: jongoo bahari mchanga, akipewa unga wa mwani na maji ya chumvi, atanenepa Mtito Andei kama anavyonenepa Mombasa. Bahari ni chumvi tu! Waithaka, dereva wa lori, ameniletea wachanga ndani ya debe, pamoja na gunia la mwani mkavu. Alishuka akiziba pua. Nimewatia katika tangi nyuma ya nyumba, nikakoroga chumvi ya dukani.

Mzee Kiema, babake Kalunde, amesema akiwaona hai na wanene Jumapili, atapokea mbuzi wangu wa ntheo, uchumba wangu na Kalunde ufungwe kidesturi. La sivyo, atapokea wa Mutie. Mutie! Mtu wa kisiagi!

Jumanne, 3 Novemba.

Mwani lazima usagwe, na mjini kisiagi ni kimoja. Nilimwambia Mutie ni dawa ya ng'ombe. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umekula sima yenye harufu ya pwani. Ndila wa hoteli aliniita mbele ya wateja: "Wewe wa digrii, umetusagia nini?" Nilimweleza faida za iodini. Akasema basi nikaioe hiyo iodini.

Alhamisi, 5 Novemba.

Hawasogei. Wamelala? Wamesusa? Vitabu vinasema hujifukia mchangani mchana; havisemi mwenye jongoo ajifukie wapi. Nimeongeza unga. Maji yamekuwa uji. Nimeongeza tena, kwa tahadhari.

Jumamosi, 7 Novemba.

Mvua! Ukambani wote unashangilia, isipokuwa mimi. Tangi limefurika maji matamu. Nilikimbia na chumvi, nikachelewa. Nimepapasa chini: utelezi mtupu. Wameyeyuka!

Jumapili, 8 Novemba.

Mzee alikuja na suti ya kanisani, Kalunde nyuma yake. Mvua ilikuwa imewatoa jongoo wa porini, wale weusi, nao walijaa kwenye gunia langu wakitafuna unga. Mzee aliinama. Akatabasamu. "Kumbe ni kweli! Wako hai, na wamenona! Mwanangu, lete mbuzi."

Kalunde alinikonyeza ninyamaze. Ningenyamazaje? Nilimweleza mzee, kwa heshima zote, kwamba amechanganya makundi mawili ya wanyama: jongoo wa nchi kavu ana miguu chungu nzima, wa baharini hutambaa kwa tumbo, hawa wamejileta, wangu wamekufa. Mzee alivaa kofia yake. Kalunde alisema hajawahi kuona mtu akishinda ubishi vibaya hivyo.

Jumatatu, 9 Novemba.

Mbuzi wa Mutie wamepita dirishani pangu wakilia. Sikuwatazama; nilikuwa nachungulia gunia. Jongoo wa porini wamenenepa kweli! Kwa hiyo ninadai upya: mwani humnenepesha jongoo yeyote, awe wa bahari au wa Ukambani. Mutie anatangaza kisiagini kwamba ni mvua tu iliyowajaza maji. Athibitishe! Ninamtaka anijibu hadharani, Jumapili, mlangoni pa kanisa, baada ya tangazo la ndoa yake. Kalunde awe mwamuzi.