Vizibo vya Dhahabu vya Gredi ya Nane

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata dawa ya sarufi! Mchezo. Kila sentensi sahihi ya Kiingereza, kizibo kimoja cha soda nilichopaka rangi ya dhahabu. Hapa Macalder kila nyumba ina mchimbaji wa dhahabu, watoto wataelewa upesi. Mimi ni mtu wa Rongo, tunajua miwa tu, lakini akili ninayo.

Ijumaa afisa wa elimu anakuja kutukagua walimu wanagenzi wawili, mimi na Beverlyne wa Sayansi. Atapendekeza mmoja tu kwa ajira ya kudumu. Huu ni mwaka wangu wa pili wa kungoja. Beverlyne ana chaki tu. Namhurumia.

Jumanne, 10 Juni

Maajabu. Darasa lililokuwa likisinzia sasa lina shughuli kama soko. Wamejipanga wenyewe. Mourine, yule mdogo wa dawati la mbele, anaandika bila kuinua kichwa. Wengine wanapokezana karatasi hadi mezani kwangu. Oliver amesimama mlangoni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema analinda. Analinda nini? Sikuelewa. Nimempa kizibo cha bidii.

Beverlyne alichungulia dirishani, akauliza kama nina hakika wanajifunza. Wivu mtupu.

Jumatano, 11 Juni

Trizah anaongoza, vizibo mia na themanini! Ajabu kidogo, maana tangu Januari sijamsikia akitamka neno la Kiingereza. Mourine ana vinne. Nilimshauri amwige Trizah. Akaendelea kuandika.

Karatasi zote zina mwandiko mmoja. Nimelala na jambo hili, nikaamka nalo. Nadhani ni matunda ya nidhamu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Afisa, Bi Bosibori, aliketi nyuma na daftari lake. Nikamsimamisha bingwa wangu, Trizah, atunge sentensi ya wakati uliopita. Akamtazama Mourine. Basi ya wakati wowote. Akamtazama Mourine tena. Ndipo Trizah akasema, kwa heshima zote, "Mwalimu, mimi ndio mwenye shimo. Wa kuchimba ni Mourine."

Bi Bosibori akauliza shimo gani. Darasa zima likamweleza kwa upole. Trizah ndiye aliyeleta karatasi na kalamu, kwa hiyo shimo ni lake. Mourine anachimba. Wengine wanavuta kamba, yaani kupitisha karatasi. Oliver analinda watu wa Gredi ya Tisa wasiingilie. Jioni wanagawana vizibo, mwenye shimo kwanza. Kazi hufanywa hivyo. Walishangaa kwamba sikujua, na mchezo ni wangu!

Mourine akapewa chaki. Akajaza ubao bila kosa hata moja. Wenzake thelathini na tisa hawakuweza mstari.

Beverlyne ndiye aliyependekezwa. Nilimpongeza. Nimeumia sana. Tayari nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba kazi ni yangu.

Jumapili, 15 Juni

Mkuu wa shule amenijulisha kwamba muhula ujao nitahamishiwa Sindo, kule Homa Bay. Nilihuzunika hadi saa nne asubuhi. Kisha nikaona mwanga. Mchezo haukuwa na kosa lolote! Kosa lilikuwa mashimo. Sindo ni watu wa ziwa, hawana mambo ya kuchimba. Nitawapa samaki wa karatasi. Sentensi moja, samaki mmoja.

Mwenye nyumba wangu, Mama Damaris, ambaye kwao ni Sindo, aliwaona samaki wakikauka rangi uani. Alicheka hadi akaketi. Akaniambia, "Japuonj, mwalimu wangu, huko mtumbwi uko na mwenyewe. Wenye wanaingia ziwani ni wengine."

Nimemshukuru kwa habari hizo. Sijaelewa zinahusiana vipi na sarufi. Nimeshakata samaki mia mbili.