Amri ya Saba kwa Vitendo

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Siku sita zimebaki. Jumapili nasimama mbele ya usharika mzima wa hapa Magamba niulizwe maswali ya kipaimara. Mimi, Mika, mwanaume wa miaka thelathini na saba, katikati ya watoto! Utotoni nililikwepa darasa hili kwa kujificha shambani. Kumbe limenisubiri. Bila kipaimara Mchungaji hafungi ndoa, na mchumba wangu Rahabu kasema wazi: kanisubiri miaka minne, wa tano hasubiri.

Amri kumi na maana zake. Nimeshika mbili. Moja nina wasiwasi nayo.

Rahabu anataka kuja kila jioni, yeye asome, mimi nirudie. Nikamwambia nitafikiria. Kurudiarudia! Mambo ya kizamani.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeokoka! Jirani yangu Mwalimu Yusra, aliyehamia huku kutoka Tanga, katoka semina. Anasema watu hawajifunzi kwa namna moja. Wapo wa masikio, wapo wa macho, wapo wa mikono. Alikuwa bado anaendelea, lakini mimi nilishatimua mbio. Kumbe mimi si mjinga! Nilikuwa nafundishwa kwa kiungo kisicho changu. Miaka yote hiyo! Nilitaka kulia.

Leo masikio. Nimejirekodi kwenye simu nikisoma amri zote, nikajisikiliza huku napalilia karoti. Sauti yangu mbaya ajabu. Kufika amri ya tatu, ile ya siku ya kupumzika, nikalala juu ya tuta. Mvua ikaja. Simu haiwaki. Masikio basi.

Jumatano, 3 Desemba

Macho. Nimeandika amri zote kwa mkaa kwenye ukuta wa mbele, herufi kubwa. Ndipo Rahabu akafika. Ukuta huo kaupaka chokaa wiki iliyopita kwa mikono yake, kwa ajili ya harusi. Akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole. Afadhali angegomba.

Mchana mvua tena. Mkaa wote ukatiririka. Nilichoshika mpaka sasa ni kwamba ukuta ni mweusi.

Darasani kabinti kanakoitwa Happiness, miaka kumi na mitatu, kametaja amri zote kumi bila kuvuta pumzi, halafu kakanitazama. Nikakauliza kanajifunzaje. Eti kanarudia na bibi yake wakikamua ng'ombe. Nikakaonea huruma.

Ijumaa, 5 Desemba

Mikono! Mimi ni mtu wa mikono, sasa nimejijua. Saa kumi na mbili asubuhi nikaingia shamba la Mzee Silvano, mzee wa kanisa, kuifanya amri ya saba kwa vitendo. Mpango safi kabisa: unakishika kishawishi, unakikataa, amri inaingia mwilini. Nikachagua kabichi kubwa. Kuishika tu hakukutosha, mkono haukuona uzito. Nikaikata. Nikaipakata. Usiibe, nikajiambia kwa sauti. Usiibe! Kwa mara ya kwanza maishani nikahisi nimeelewa kitu.

Nikageuka. Mzee Silvano huyu hapa.

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akauliza nafanya nini. Ulimi huu! Nikasema nimemfukuza mwizi, Alen, na kabichi nimeiokoa. Sijafunga mdomo, kengele ya kanisa ikaanza kulia. Anayepiga kengele ya kanisa ni Alen.

Kwa hiyo na ya nane, ya kumsingizia jirani uongo, nimeifanya kwa vitendo. Mzee akanisema kwa Kishambaa, na Kishambaa cha kugomba hakitafsiriki.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda kwa Mwinjilisti Sefania, anayetufundisha kipaimara. Nikamweleza aina za watu, nikaomba kesho niulizwe kwa vitendo. Akauliza kama na kiapo cha ndoa nitakiapa kwa ishara. Nikasema inawezekana. Akafunga kitabu.

Jioni Rahabu akaja, kitabu mkononi. Kasema muda bado upo, turudie pamoja taratibu. Nikamwambia mimi ni mtu wa mikono. Akaitazama mikono yangu, akaenda zake.

Jumapili, 7 Desemba

Nimekwisha.

Kanisa limejaa. Mama yake Rahabu benchi la mbele na kitenge kipya. Happiness kaulizwa, kajibu, kaketi. Zamu yangu ikafika, Mzee Silvano akaomba aulize yeye. Amri ya saba ni ipi, na maana yake ni nini?

Jamani, naijua! Naijua mpaka kwenye kucha! Lakini mdomo ukagoma. Mikono ikainuka yenyewe, ikapakata hewa. Kanisa likaangua kicheko, kwaya nayo, Alen akashika nguzo asianguke. Mchungaji hakucheka. Kasema kwa upole kwamba darasa jipya linaanza Februari. Februari! Harusi ilikuwa tarehe ishirini na saba mwezi huu. Rahabu naye hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimelia nyuma ya kanisa wakati watoto wanapongezwa ndani.

Jumatatu, 8 Desemba

Sijala. Mwalimu Yusra kaja kunipa pole. Anasema siku ile nilikimbia kabla hajamaliza: semina ilihitimisha kwamba hakuna mtu wa aina moja tu, na kila mtu hushika kwa kurudia kidogo kidogo, vizuri zaidi akiwa na mwenzake. Nimemsamehe. Yeye ni mtu wa macho, haya hawezi kuyaelewa.

Jioni Rahabu kaja na mkoba. Akauweka chini, hakukaa. Kasema kipaimara hakimuumi, kipaimara kinarudiwa. Anachotaka ni nimtajie jambo moja, moja tu, ambalo kaniambia katika miaka hii minne nikalishika. Nikafikiri sana, Mungu ananiona. Mwisho nikamjibu kwa uaminifu kwamba mimi maneno hayaniingii, labda anionyeshe kwa vitendo.

Akachukua mkoba wake, akatoka, akateremka njia ya kwao bila kugeuka nyuma.

Nimekaa mlangoni tangu saa ile, natazama njia. Kaonyesha vizuri mno, hatua kwa hatua. Kesho nitamuuliza Mwalimu Yusra maana yake ni nini.