Upepo wa Kijilango cha Paka

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwisha. Muriel katoka kwenye simu, kaniambia mama yake anakuja keshokutwa, atakaa nasi mpaka daktari wa kifua amwone. Nikasema karibu sana. 

Mama mkwe, Bi Enid, ana kifua kibovu. Januari baridi ilimlaza hospitali, tukaitwa ukoo mzima kwenda kumuaga. Simwogopi yeye, ni mama mwema. Naogopa asije akafa jikoni kwangu. Maana jikoni ndiko atakakokaa, hilo nalijua. Anapenda kutazama ndege wa bustanini kupitia kioo cha mlango wa nyuma. Na chini ya mlango huo kuna kijilango cha paka, kibao kinachoning'inia ili paka akisukume apite, na humo unaingia upepo wa kukata masikio.

Kijilango nilikitoboa mwenyewe kiangazi kilichopita. Urefu nikapima kwa inchi, kama alivyonifundisha marehemu baba. Upana nikapima kwa sentimita, kama karatasi ya dukani ilivyosema. Kati ya baba na ile karatasi likatoka tundu la kumtosha mbwa. Kastadi, paka wetu, anapita humo na nafasi inabaki.

Muriel kauliza kwa nini tusiwashe tu mashine ya joto, mambo yaishe. Nikamkumbusha kwamba saa hazijarudishwa nyuma! Mtaa huu mwanamume hawashi kabla ya Jumapili ile ya mwisho wa Oktoba, nchi nzima inaporudisha saa nyuma kwa saa moja kuingia majira ya baridi. Mimi na jirani Clive Raistrick tunashindana kila mwaka, na kanuni nimeiandika mimi mwenyewe: ukionekana mvuke unatoka nyumbani kwako kabla ya saa kurudishwa, umeshindwa. Kudanganya haiwezekani. Bomba la kila mashine limetokeza ukutani upande wa kichochoro, ukiwasha tu linafuka mvuke mweupe na mtaa mzima unaona.

Anayeshindwa anavaa kofia ya buli kwenye karamu ya klabu ya mtaa. Ni ile ya sufu ya kufunikia buli chai isipoe, ina kishada kileleni na matundu mawili pembeni, moja la mkono wa buli na jingine la mdomo wake. Mwaka jana Muriel aliwasha nikiwa kwa kinyozi. Nikaivaa. Masikio yalitokea kwenye yale matundu. Sitaki kuyaongelea.

Muriel akasema mama yake akiugua ndani ya nyumba hii, mama anaondoka, na yeye anaondoka na mama. Alikuwa anakunja shuka. Hakupandisha hata sauti. Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mpango! Nimechukua soksi ndefu ya Muriel, nimeijaza matambara, nimeishona mdomo. Nyoka mnene. Nikamlaza mbele ya kijilango. Upepo ukakata pale pale. Nikapiga mluzi.

Kastadi akaja kutoka nje, akasukuma, kijilango hakikucheza. Akakaa kunitazama kupitia kioo. Ana macho ya kuhukumu yule. Kisha akaruka ukuta akaenda kwa Clive. Amerudi jioni ananuka samaki wa kukaanga. Muriel kamvuta nyoka ili paka apite, hakumrudisha. Chai yangu ikapoa nikiitazama.

Nimekutana na Clive kwenye mapipa ya taka. Kakunja mikono ya shati! Baridi hii! Kaniuliza kwa upole naionaje hali ya hewa. Nikamjibu kwamba nafikiria kuvua sweta. Meno yakaanza kugongana, ikabidi nijifanye natafuna kitu. Yule mtu si bure.

Jumapili, 22 Oktoba

Kafika. Kanibusu shavuni, vidole barafu tupu. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha mlangoni. Nilijua!

Mchana tumekula nyama ya kuoka na viazi. Mama mkwe kala na koti lake, na kofia kichwani. Kijilango kinapiga pa, pa, pa nyuma ya visigino vyake. Akakohoa. Nikamwaga mchuzi wote mezani. Akasema ni kiazi tu kimempalia. Alisema hivyo hivyo Januari.

Baada ya kula akasinzia. Kimya kilizidi. Nikamsogelea taratibu na kijiko, nikakiweka chini ya pua yake nione kama kitapata ukungu. Akafumbua macho. Akauliza kijiko cha nini. Nikasema ni cha pudini. Ikabidi nimpe pudini ya pili, na ya pili ndiyo ilikuwa yangu.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nyoka hafai, anavutika. Nimeziba kijilango kwa utepe wa gundi, ule mpana wa mafundi. Nikazungushia pande zote, nikaongeza na katikati. Hata sisimizi asingepita.

Nilisahau kwamba Kastadi hutoka mbio. Husikia ndege, huruka kutoka kwenye kabati, hupita kijilangoni kwa kichwa bila kusimama. Leo kasimama. Mlango mzima ulitikisika.

Mzima wa afya, nashukuru. Ila kajisaidia kwenye buti langu la bustani, na Muriel kabandua utepe wote na rangi ya mlango ikaja nao.  Mama mkwe kakohoa tena wakati wa chai. 

Jumanne, 24 Oktoba

Siku mbaya. Muriel kashika chuma cha joto ukutani, kile kinachopashwa na mashine, kakiona kimepoa kama jiwe la mtoni. Kaniuliza mashine nimewasha au sijawasha. Mimi, kwa woga, nikasema nimewasha tangu asubuhi. Nikaongeza kwamba mabomba yamezeeka, yanachelewa kushika moto.

Kwa nini nilisema vile? Mdomo ulifunguka wenyewe. Sasa nina mambo matatu ya kuogopa: kifua cha mama mkwe, Muriel na sanduku lake la safari, na Clive. Nimetazama bomba lake kutoka dirisha la bafuni. Safi. Yule mtu kaumbwa kwa chuma.

Jumatano, 25 Oktoba

Mpango wa kweli safari hii! Nimekusanya chupa zote za mpira za maji moto, zile tunazolala nazo. Zetu mbili, moja ya duka la mitumba la kanisani, na moja nyingine nimeipata ndani ya nyumba. Nimezijaza maji yanayochemka, nimezificha nyuma ya vyuma vya joto. Muriel akapita, akashika chuma, akatikisa kichwa kukubali. Mama mkwe akavua kofia! Akasema jikoni leo pazuri. Machozi yalinilengalenga, nikageukia sinki.

Tatizo ni kwamba zinapoa. Nimekesha mchana kutwa, kama inawezekana kukesha mchana, nakimbia kati ya birika na kuta. Birika halijapumzika. Madirisha yote ukungu. Lakini jirani hajui kitu na mke wangu hajui kitu. Nimelala kidogo kwenye kiti kama mtu aliyefanya kazi halali.

Alhamisi, 26 Oktoba

Balaa. Balaa tupu.

Asubuhi nipo na birika, nikamwona Clive kasimama kwenye uzio, simu mkononi, anapiga picha mlango wangu wa nyuma. Nikatoka nje. Nikageuka. Mvuke wote wa jikoni ulikuwa unatoka kwenye kijilango cha paka, mweupe, mzito, unapanda mpaka kwenye madirisha ya juu. Nyumba yangu ilikuwa inavuta sigara.

Clive akasema pole. Akasema kanuni ni kanuni, tena kaiandika nani? Nikamweleza kwamba ni birika tu. Nikamwambia kwa sauti, maana nilikuwa nimechanganyikiwa, kwamba mashine sijaiwasha hata siku moja, naapa, vyuma ni baridi kabisa, aje avishike.

Muriel alikuwa mlangoni nyuma yangu. Kashika chupa ya mpira yenye mfuko wa maua ya zambarau.

"Wilfred," akasema, "ulimnyang'anya mama chupa yake ya kitandani?"

 Clive naye akaingiza simu mfukoni akaondoka polepole, kwa adabu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Naandika upesi, nisamehe mwandiko.

Muriel alikwenda duka la dawa. Mimi nilikuwa bafuni natazama bomba la Clive. Niliposhuka, kiti cha mama mkwe kitupu. Shali lake sakafuni. Mlango wa nyuma wazi, na upepo umejaa jikoni. Nikaita. Kimya. Nikapanda juu, nikashuka, nikafungua hata kabati la mifagio. Nikatoka nje na ndara za nyumbani, kichochoroni, nyuma ya banda, chini ya ule mti wa tufaha. Nyasi zina sakitu, umande ulioganda. Nikamwona kichwani mwangu ameanguka mahali, mdomo umegeuka bluu, na kofia yake imeviringika pembeni. Nikaomba Mungu. Nilikuwa sijaomba siku nyingi, nikaanza na kujitambulisha. Nikaahidi kwamba nikimpata mzima nitawasha mashine dakika ile ile, saa zirudi nyuma zisirudi.

Nikaona mkia wa Kastadi kwenye dirisha la Clive. Kando ya mkia, kofia ya mama mkwe, imening'inizwa vizuri.

Alikuwa kwenye kiti cha Clive, miguu mbele ya kijijiko chekundu cha umeme cha kuota moto, bakuli la supu mapajani. Akaeleza bila kusumbuka. Siku zote Kastadi alikuwa anarudi nyumbani na tumbo la moto. Paka haoti jua Oktoba mlimani huku. Basi leo akamfuata.

Kumbe! Ndiyo maana ya mikono ya shati! Nikamwambia Clive ni mwizi wa mchana. Akajibu kwamba kijijiko cha umeme hakitoi mvuke, na kanuni yangu inasema mvuke. Nikataka kumjibu. Nilikuwa nalia. Nikasema ni upepo umeniingia machoni.

Mama mkwe akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Washa tu kile kidude, mkwe wangu, nirudi nyumbani. Supu ya huyu haina chumvi."

Muriel akafika na dawa. Akasikia yote. Akasema wao watalala kwa Clive, chumba cha wageni kipo. Mimi nikasema Jumapili saa zinarudishwa, nitawasha bila aibu yoyote, si ni keshokutwa tu? Akanitazama muda.

"Kuna kitufe kimoja ukutani, Wilfred. Kibonyeze."

Nimeahidi. Jumapili. Ile ahadi ya kwa Mungu naona haihesabiki, kwa kuwa mama mkwe hakuwa amepotea.

Jumamosi, 28 Oktoba

Karamu ya klabu. Mkate wa nyama na viazi, kabichi nyekundu. Nimevaa kofia ya buli tangu mlangoni. Watu wamecheka mpaka mmoja katafutiwa maji. Muriel na mama yake walikaa meza ya Clive, kwa kuwa walikuja na gari lake.

Nilinyamaza mpaka kwenye pudini. Kisha roho ikanipanda. Nikasimama. Nikasema nimevalishwa kofia hii kwa mvuke wa birika. Mashine yangu haijawaka, na ili klabu nzima ijue mimi ni mtu wa namna gani, sitaiwasha hata hizo saa zikirudishwa. Sitawasha kabla ya usiku wa mioto mikubwa ya sikukuu, tarehe tano Novemba! Wakapiga makofi! Wakagonga meza! Mwenyekiti kanipa mkono. Sijapigiwa makofi hivyo tangu siku ya harusi yetu.

Nikakaa, nikageuka nimwone Muriel. Viti vyao vitupu. Makoti yao hayapo kwenye misumari.

Jumapili, 29 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Nimezirudisha peke yangu, ya jikoni, ya ukumbini, na ile ya upande wa Muriel kitandani.

Nyumba kimya. Kijilango kinapiga pa, pa, pa. Nimesimama mbele ya kile kitufe muda mrefu. Kina vumbi. Nikanyoosha kidole. Naogopa, naandika tu ukweli. Naogopa hawatarudi. Kidole kikafika kabisa kwenye kitufe, kikakigusa.

Ndipo nikatupa jicho nje. Bomba la Clive! Linafuka! Mvuke mweupe, mzito, kichochoro kizima! Kawasha wa kwanza! Mimi bado! Nimeshinda!

Nikageuka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.

Basi nikalala chini kifudifudi jikoni, nikasukuma kijilango, nikatoa kichwa. Kichwa kinapita vizuri, kumbe lile tundu si kubwa bure. Nikamwita Muriel. Nikamwambia aje aone, Clive kashindwa, mvuke ule pale. Nikamwona dirishani kwa Clive, na mama mkwe pembeni yake, na Kastadi katikati. Mama mkwe kavaa blauzi tu, bila koti. Alikuwa anakula kitu kwa kijiko. Akanipungia. Nikapunga kwa kichwa. Muriel akanitazama vile vile alivyonitazama juzi, kisha akafunga pazia.

Nadhani hawakusikia. Upepo ulikuwa mwingi, ukapeleka maneno upande mwingine. Shida yote ya nyumba hii ni kijilango.

Baada ya kujitoa, na haikuwa kazi ndogo, nimejaribu kuingiza ile kofia ya buli kwenye tundu. Imeenea barabara! Hata hewa haipiti. Kesho naipigilia misumari, kisha naenda kuwaambia warudi, pamekuwa na joto.