Lebo za Njano na Pombe Yangu ya Matufaha

Jumatatu, 3 Machi
Dokta Merrin Oakes wa idara ya afya amefika mjini kwetu Garnett na maboksi ya lebo. Za njano. Njano ya kuumiza macho! Eti kwa wiki hii kila chupa ya pombe mjini ibandikwe, naye akae kwenye mabaa atazame wanywaji watafanyaje. Lebo inasema: Pombe husababisha saratani, ikiwemo ya utumbo na ya matiti. Ukipunguza kunywa, hatari hupungua.

Wiki hii! Jumamosi ni sherehe ya mavuno, na mji mzima unapiga kura kuchagua kinywaji bora. Kila mwaka anashinda Beryl Hodgetts, mwenye baa inayotazamana na yangu, ng'ambo ya barabara. Kila mwaka nampigia makofi huku meno yameumana.

Beryl keshabandika zake zote. Zimenyooka kama askari wa gwaride. Mimi nina akili zaidi. Nimekata vikadi vya picha ya tufaha jekundu, nikavifunga kwa uzi shingoni mwa chupa. Vinaning'inia juu ya lebo. Onyo lipo, ila halionekani. Lindsay Prewett, wewe ni moto!

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kwa Beryl hakuna aliyesoma lebo. Kwangu wote wameinua vikadi kuona nimeficha nini.

Mteja wangu mkubwa ni Clarrie Voss, mzee aliyenyoa kondoo tangu ujana wake. Leo katoa miwani mfukoni. Sikujua kama ana miwani! Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akaniuliza, "Lindsay, haya ni ya kweli?"

Nikamwambia yanawahusu watu wa Sydney.

Akasema, "Acha uongo, bwana. Nipe chai."

Chai sina. Nilivuka barabara kwenda kuomba majani ya chai kwa Beryl. Alinipa kikombe kimejaa, tena na maziwa. Alikuwa anatabasamu. Namchukia.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya. Lebo zikifukuza watu, basi ziwafukuze kwake. Asubuhi Beryl alipokwenda kuchukua mikate, nilibandua lebo zangu zote nikazibandika kwenye chupa zake. Sasa zake zina mbili mbili. Nilirudi nikiimba.

Mchana nikaacha kuimba. Wanyoa kondoo wa mabondeni wamesikia kuna pombe ya lebo mbili. Wanaamini ndiyo kali mara mbili! Foleni kwa Beryl ilifika kituo cha mafuta. Mmoja aliingia kwangu, akatazama chupa zangu zisizo na lebo, akauliza kama pombe hii ni ya wagonjwa.

Dokta Merrin naye akaja kuuliza lebo zangu zimekwenda wapi. Nikaanza kufuta kaunta. Beryl, aliyekuja kudai kikombe chake, akadakia kwamba upepo wa huku una tabia mbaya sana. Dokta akanikabidhi boksi jingine. Kwa nini Beryl ameniokoa? Lazima ana njama.

Alhamisi, 6 Machi
Kama mbili zinaleta foleni, tatu je? Nimebandika tatu kila chupa.

Wanyoa kondoo hawakuja. Alikuja Dot, mke wa Clarrie, na dada zake wawili. Clarrie alikuwa amewasimulia nyumbani. Dot akasoma lebo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kana kwamba huenda zikatofautiana. Kisha akamgeukia dokta: "Mwanangu, nimekunywa tangu nilipoolewa. Ya matiti mbona hakuna aliyewahi kutuambia?"

Dokta akavuta kiti. Waliongea muda mrefu, wakiulizana na kucheka. Mwishowe Dot akaagiza glasi moja ndogo ya pombe, akaishusha kwa raha, kisha akauliza nina nini kingine.

Nina mapipa ya juisi ya matufaha iliyokamuliwa juzi, inangoja kuchachuka iwe pombe ya mwakani. Niliwamiminia ili waniache. Wakanywa. Wakaita majirani. Majirani wakaita wanyoa kondoo! Clarrie akapanda juu ya benchi akaimba wimbo aliomchumbia nao Dot, na hakusahau ubeti hata mmoja. Dot alisema kwa miaka mingi, akishalewa, hufika ubeti wa pili tu, kisha hulala. Wakacheza katikati ya baa yangu, mchana kweupe.

Kitu kiliniingia jichoni. Vumbi.

Mapipa yameisha. Mwakani sina pombe.

Jumamosi, 8 Machi
NIMESHINDA! Wametangaza jina langu uwanjani! Nilimkumbatia Beryl, nikamkumbatia na dokta, nikapanda jukwaani nikilia.

Nikavalishwa utepe wenye picha ya bata. Ushindi wa kinywaji bora cha watoto.

Wa pombe kachukua Beryl. Tena. Alikuja kunipongeza, akasema juisi yangu ni tamu kuliko chochote alichowahi kukitengeneza yeye. Bado natafuta tusi lililojificha ndani ya maneno hayo. Nimelala na utepe kifuani.

Jumapili, 9 Machi
Dokta Merrin ameondoka. Ameniachia boksi la lebo tupu, zisizo na maandishi.

Nimewaza sana leo. Watu wanapenda hatari! Kwa hiyo nimeoka pai za nyama, na juu ya kila moja nimeweka lebo niliyoandika mwenyewe: ONYO! PAI HII SI YA WAOGA.

Clarrie aliingia na njaa. Akasoma. Akauliza kwa upole ni nyama ya nini. Nikamkonyeza. Akakumbuka ana shughuli ng'ambo ya barabara.

Nimegundua kosa. Herufi zilikuwa ndogo. Kesho naandika kubwa zaidi.