Naomba Mkaguzi Wenu Ahamie Kwetu

Kwa Mkuu wa Idara ya Ustawi,
Halmashauri ya Mji wa Azunuma.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: MUME WANGU KUPONA KILA AJAPO MKAGUZI

Mvua za mwezi wa sita zimeanza, viatu vimeota ukungu kwenye rafu, na vyura wa shamba la jirani hawatupi nafasi ya kusikilizana. Natumaini wewe na watumishi wote wa ghorofa ya pili hamjambo, na kwamba lile bomba la choo cha wageni limekwisha tengenezwa.

Mimi ni Kuwabara Tokie, mke wa Kuwabara Shigezo, aliyekuwa kamanda wa zimamoto wa kujitolea wa mtaa wetu. Bila shaka mnamkumbuka. Mwaka juzi, kwenye maonyesho ya mwaka mpya, alipanda ngazi ya mianzi ili awaonyeshe vijana namna ya kusimama juu yake kichwa chini miguu juu, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akateremka bila kutumia vipandio, mgongo ukitangulia. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto haumtii, mkono wa kulia haushiki hata vijiti vya kulia, na kujigeuza kitandani ni shughuli ya watu wawili. Serikali ikatusaidia. Ilitupa kitanda cha umeme cha kumwinua, na msaidizi, Bi. Yabuki, aliyekuja kumwogesha kila baada ya siku moja. Tulishukuru, na bado tunashukuru.

Mwezi uliopita alikuja Bwana Nishiumi wa ofisi yako kumkagua upya. Majibu yamefika: mume wangu ameshushwa daraja. Bi. Yabuki sasa huja mara moja kwa juma, na kitanda kitachukuliwa mwisho wa mwezi huu. Sina ugomvi na Bwana Nishiumi. Ni kijana wa watu, ana adabu, hata viatu vyake alivipanga vikitazama mlango. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Ofisi yako inaponya watu bila kuwaarifu wenyewe. Barua ya kututajia tarehe ya ukaguzi ilipofika tu, mume wangu alianza kupata nafuu.

"Tokie, nitolee suti."

"Baba, huyu anakuja kuona ugonjwa, haji harusini."

"Mtu wa serikali aingie nyumbani kwangu anikute na nguo za kulalia? Unataka nife kwa aibu, na mgongo uwe umesingiziwa bure?"

Nilianza kumvalisha alfajiri, na tulimaliza tai mgeni akiwa getini. Mume wangu akajikokota kwa kushika nguzo hadi mlangoni, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akasema, "Karibu sana. Pole kwa kusumbuka kote huku kwa ajili ya mtu asiye na neno." Na kalamu ya Bwana Nishiumi ikaanza kazi hapo hapo.

2. Suala la upishi. Bwana Nishiumi aliuliza kwa upole, "Kamanda, unaweza kuvaa mwenyewe?" Akajibiwa, "Navaa." Kukata kucha? "Nakata." Kuandaa chakula? "Napika." Mheshimiwa, nilikuwa nimebeba sinia la chai, nusura nilimwage lote. Mume wangu hajapata kupika hata alipokuwa mzima wa afya. Nilipolazwa kujifungua, alikula keki za wali zilizowekwa kwenye madhabahu ya nyumbani kwa ajili ya marehemu babu yake, kisha akamwomba babu radhi.

Nikakohoa. Akanikata jicho. Nikamimina chai, maana kumkana mume mbele ya mgeni si jambo nililofundwa kwetu.

Lakini sasa hati imetoka, ina muhuri mwekundu wa mji, na inasema kwamba anaandaa chakula bila msaada. Mimi ni raia mtiifu. Serikali ikisema anapika, basi anapika. Jioni ile nikaketi mezani nikangoja kupakuliwa. Naye akangoja. Tulitazamana mpaka njaa ikanishinda, nikaenda kukoroga supu ya miso mwenyewe. Naomba idara inieleze chakula chetu kilikwama wapi.

3. Sifa bila kipimo. Wakati wa kuaga, Bwana Nishiumi alisema kwa utani, "Kamanda, mbona uko imara kuliko mimi!" Najua alitaka kumfurahisha mgonjwa. Lakini hata dawa ya kikohozi huandikwa ni vijiko vingapi. Mume wangu aliegemea nguzo, akasimama wima, akampigia saluti kwa mkono wa kushoto mpaka gari likakata kona. Kisha akaporomoka. Nilimwinua peke yangu, na kitu fulani mgongoni mwangu kikasema "kwaa." Alilala siku nyingi akiugulia chini ya mto ili majirani wasisikie. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikaosha mchele.

Alipopata nafuu nikampa fimbo yake. Akaisukuma. "Fimbo ya nini? Niko imara, imeandikwa."

4. Dawa hii haiigiki. Nilikaa nikawaza. Mtu ambaye hainuki kwa ajili ya daktari, mke wala mtawa wa hekaluni, lakini huinuka kwa ajili ya mkaguzi, basi dawa yake ni mkaguzi. Nikamwendea jirani yetu, Bwana Iwakiri muuza samaki, nikamwomba avae suti yake ya mazishi, abebe mkoba na ajivike kitambulisho cha plastiki shingoni. Ilikuwa siku ya kuoga na Bi. Yabuki hayupo.

"Hodi! Natoka halmashauri!"

Mume wangu akaketi kitandani bila hata kugusa kitufe. Nilifurahi nikakimbilia taulo. Lakini mgeni sharti avue viatu, na Bwana Iwakiri alipovua vyake, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Mume wangu akakitazama kile kidole kwa muda.

"Iwakiri, mtumishi wa serikali havai soksi ya namna hiyo. Rudi kwa samaki wako."

"Lakini, kamanda, nimetumwa na..."

"Tena unanuka ngisi."

Akalala tena kama gogo, na hakuoga. Kwa hiyo nimethibitisha kwa majaribio kwamba dawa bandia haifai, lazima itoke kiwandani kwenu.

5. Ombi lenyewe. Naomba Bwana Nishiumi ahamishiwe nyumbani kwetu. Chumba cha juu ni kitupu na kina dirisha la kutazama mashamba ya mpunga. Asubuhi abishe hodi, mume wangu aamke na kuvaa. Mchana aulize habari ya vijiti, mume wangu ale. Jioni asimame nje ya bafu aulize, "Unaweza kuoga mwenyewe?" na arudie kila maji yakinyamaza. Usiku apumzike, mimi si katili.

Mkiona mafanikio, na nina hakika mtayaona, mpango huu uenee nchi nzima. Kila mgonjwa apewe mkaguzi wake. Hospitali zifungwe, madaktari wafundishwe kubeba mkoba na kupanga viatu. Wale waliolemewa kabisa wapelekewe meya. Kwa waliokwisha fariki sithubutu kutoa ushauri, ila namjua marehemu baba mkwe wangu, naye angetoka kaburini kumpokea waziri, tena angelaumu kwamba hakuarifiwa mapema.

Mpaka uhamisho huo utakapokamilika, naomba kitanda kibaki na Bi. Yabuki aendelee kama zamani. Siku ambazo mkaguzi hayupo, humu ndani mna mgonjwa.

Naomba radhi kwa kuwachosha macho kwa mwandiko wangu. Nisalimieni watumishi wote, yule mama wa dirisha la vitambulisho na mlinzi wa maegesho. Bwana Nishiumi mwambieni mwavuli aliousahau kwetu umekwisha kauka.

Ndimi mwenye kuwaheshimu,

Kuwabara Tokie

Tanbihi: Nilikuwa natafuta stempu simu ilipolia. Ulikuwa wewe mwenyewe, Mheshimiwa Mkuu. Ulisema, "Mama Kuwabara, Bi. Yabuki amenidokeza kwamba uamuzi wetu umewaletea shida. Niambie tu, mama, naweza kuurekebisha leo hii."

Nilivua aproni. Nikainama mbele ya simu, nikakujibu kwamba hatuna shida yoyote na tunaendelea vizuri sana kwa hisani yenu. Ukauliza kuhusu kitanda. Nikasema kichukueni hata kesho, kinatujazia chumba. Ukauliza kuhusu mgongo wangu. Nikasema sijapata kuwa na mgongo mzuri kama huu. Ukashukuru, nami nikashukuru, tukashukuriana hadi simu ikakatika.

Mume wangu alikuwa anasikiliza kitandani. "Umemjibu vizuri sana, Tokie," akasema.

Basi yote niliyoandika hapo juu kuhusu ugonjwa wa mume wangu nayasahihisha, kwa kuwa ugonjwa huo si wake peke yake. Nileteeni fomu ya pili ya kuomba msaada, kwa jina langu. Ila nawasihi msipige tena simu, wala msimtume mtu kuja kuniuliza. Mgongo wangu umeharibika na siwezi kumwinua tena. Nimeweza kuliandika hilo kwa sababu tu hapana mtu anayenitazama.