Fomu ya Woga

Baada ya vikao vinne na soda za kutosha Komisheni ya filamu iliamua kwamba, kuanzia Jumatatu, wakazi wote wa Kalemie wataogopa kwa utaratibu.

Arete, yaani amri yenye muhuri, ilibandikwa kwenye mlango wa biro, ofisi ya Komisheni, kwenye ukuta wa soko, na kwa bahati mbaya mgongoni mwa mlinzi aliyekuwa amelala. Mtazamaji wa filamu za kutisha, ilisema, ana haki kamili ya kuogopa mashetani, mizimu na maiti zinazotembea. Huo ni woga ulioidhinishwa. Lakini kumwogopa mtumishi wa Mungu ndani ya filamu, awe pasta, nabii au mwimba kwaya aliyeshika panga, ni woga usioidhinishwa. Chanzo chochote kitakachotisha watu kumi kwa namna hiyo kitafungwa siku tisini. Chanzo kikiwa mtu, pafungwe mahali anapofanyia kazi. Na ufunguo akabidhiwe jirani wa ukuta mmoja, asimamie usafi.

Hayo ya jirani wa ukuta mmoja yaliongezwa kwa barua na Nabii Salomon, mshauri wa kiroho wa Komisheni. Kwa bahati ambayo hakuna mjumbe aliyeishangaa, kanisa lake la mtaa wa Kataki lilichangia ukuta mmoja na ukumbi wa video wa Mama Séraphine, na waumini wake walikuwa wamebanana kama ndagala kwenye mfuko. Nabii alikuwa ameuomba ule ukumbi mara mbili kwa upole na mara moja kwa laana. Mama Séraphine, mjane, aliuezeka bati moja moja kwa kuuza samaki wa kukaushwa. Hakuwa na kitu kingine duniani, na alimjibu hivyo mara zote tatu.

Kazi ya kuhesabu woga alipewa Papa Wilfried, shefu wa biro wa muda. Muda huo ulikuwa umefika miaka tisa. Wilfried aliamini kwamba fomu ikijazwa vizuri nchi itapona, na kwamba siku moja mtu ataona hati yake nzuri na kufuta lile neno "wa muda". Kwa kuwa Komisheni haikuwa na mashine ya kuhesabia, alinunua bahasha ya maharage. Kila mtu akishtuka, punje moja ingetoka kwenye bahasha: kwa shetani iingie mfuko wa kulia wa suruali, kwa mtumishi wa Mungu iingie wa kushoto.

Jumamosi saa tisa mchana alifika ukumbini, kalamu sikioni.

"Karibu, Papa Wilfried," alisema Mama Séraphine. Alimwelekeza kwa rimoti. "Kaa hapa. Hii benchi haina musumari."

"Mama, mimi niko ku kazi ya serikali. Leta haikaliake fasi yoyote."

"Basi Leta isimame, lakini iko inafunikia watoto picha."

Wilfried akakaa. Benchi la mbele kabisa lilikuwa na wakubwa: Nabii Salomon na kipaza sauti chake cha betri, Papa Augustin, prezida wa Komisheni, na mkewe Mama Denise, aliyekuja kwa sababu nyumbani hapakuwa na umeme.

Filamu ilianza. Shetani alitoka kisimani akiwa mweupe pe, macho mekundu, akiunguruma. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko.

"Huyu njo shetani ao muntu wa mashine ya unga?" aliuliza Bertin, dereva wa pikipiki, aliyeketi karibu na Wilfried.

"Muangalieni miguu! Shetani anavaa kambambili!"

Wilfried alisikitika. Serikali ilikuwa imewapa raia woga mzuri, wa bure, nao wanauchezea. Mfuko wa kulia ulibaki mtupu.

Kisha kwenye skrini akaingia mhubiri mwenye kanzu nyeupe, mpole, mwenye tabasamu. Hakufanya lolote. Aliuliza tu, "Wapendwa, ni nani kati yenu amewafungia wenzake baraka?"

Kicheko kilikatika. Mama mmoja alikaza fundo la kikwembe kiunoni, alimofunga pesa zake. Mwingine alipiga yowe dogo. Bertin alivua saa yake akaisukuma ndani ya soksi.

Arete haikusema lolote kuhusu soksi. Wilfried alifikiri, akaivunja punje kwa meno, akaingiza nusu mfuko wa kushoto; nusu ya pili ikamwangukia sakafuni.

"Kwa nini unamuogopa huyu, na shetani humuogopi?" Wilfried alimnong'oneza Bertin.

"Papa, shetani hajafika kwetu hata siku moja. Huyu wa kanzu alifika. Aliambia bibi yangu kama mi niko mulozi, ninaroga watu. Bibi aliniacha, akarudia kwabo kule Pepa, na watoto wote."

"Huyu wa filamu?"

"Wa filamu, wa kweli, kanzu njo moja."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Wilfried aliliandika pembeni, kwa herufi ndogo, na moyo ulimuuma kidogo, jambo ambalo pia halikuwa kwenye fomu.

Kila baada ya dakika chache Nabii aligeuza shingo. "Zimefika kumi?"

"Sita, Papa Prophète."

Baadaye: "Na sasa?"

"Tisa na nusu."

Mama Séraphine alisikia. Alitazama bati zake juu, moja moja.

Filamu ilikaribia mwisho, na nusu iliyobaki ilikataa kuja. Watu walikwisha kumzoea mhubiri yule wa filamu. Alipomnyooshea mwanamke kidole akimwita nyoka, hakuna aliyeshtuka, na Nabii akashindwa kuvumilia. Alisimama, akawasha kipaza sauti.

"Hapana! Hapo wamekosea! Nabii wa kweli hafanyi hivi!"

Mama Séraphine akabonyeza rimoti. Picha ikaganda, mhubiri akiwa mdomo wazi.

"Nimeisimamisha, Papa Prophète," alisema kwa heshima zote. "Isikukatize neno."

"Asante, mama. Nabii wa kweli anafunga macho. Anangoja. Anazunguka." Alifumba macho, akangoja, akazunguka, kama afanyavyo kila Ijumaa. "Kisha mukono wenyewe unaenda! Wewe mama wa kitambaa cha kijani! Nimekuona! Ni wewe unakula watu ya familia yako! Leo unafungwa kamba, unafunga siku saba bila maji!"

Akafumbua na jicho la pili. Kitambaa cha kijani kilikuwa kichwani mwa Mama Denise.

Wa kwanza kupiga yowe alikuwa Papa Augustin. Wa pili ni ukumbi mzima. Mabenchi yalianguka, watu wanne walitoka kwa dirisha lililotengenezwa kwa ajili ya mmoja, na Bertin alikimbia na saa yake ndani ya soksi hadi barabarani. Wilfried alihamisha punje kwa mikono miwili mpaka bahasha ikaisha. Ndipo akagundua kwamba yeye mwenyewe amejificha chini ya benchi, na kwamba amepiga kelele. Alijiuliza kama mtumishi wa serikali anaruhusiwa. Kisha akaokota ile nusu punje iliyobaki sakafuni, akajihesabu.

Baadaye Wilfried na Prezida walikutana uani. Papa Augustin alikuwa akijipangusa jasho.

"Ni nyingi, hizo maharagi," alisema. "Vizuri. Tia zote mu mufuko ya kushoto. Tunafunga ukumbi."

"Haziko mu mufuko ya kushoto, Prezida. Niliziweka mu ya shati. Sitini na mbili na nusu."

"Zihamishe. Barua ya kukuthibitisha iko ku meza yangu, Wilfried. Miaka tisa ni mingi."

Mama Séraphine alisimama mlangoni pake, mkono kwenye kitasa, kama mtu anayeaga. Wilfried alimtazama, akazitazama punje. Alitamani barua ile kuliko chakula.

"Filamu ilikuwa imesimama, Prezida," alisema mwishowe. "Picha iliyosimama haitishi muntu. Chanzo njo Papa Prophète. Na kuko fasi ya kuandika jina la mwenye aliogopa wa kwanza."

"Nani?"

"Ni weye, Prezida."

Papa Augustin alifungua mdomo kutoa amri. Mama Denise alikuwa nyuma yake, akifunga upya kitambaa cha kijani, polepole.

"Augustin," alisema. "Tia sinyatiri."

Prezida alitia sahihi.

Jumatatu asubuhi Wilfried, ambaye bado alikuwa wa muda, alibandika mihuri kwenye mlango wa kanisa. Nabii Salomon alikuja mbio, kanzu mkononi.

"Nani amenishitaki?"

"Ni weye, Papa Prophète. Barua yako ya jirani wa ukuta njo ya kwanza mu faili."

"Na ufunguo? Nipe ufunguo!"

Wilfried alisoma arete kwa sauti hadi pale penye jirani, akageuka, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mama Séraphine. Mama aliufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, mafundo mawili.

"Siku ya kusali mi nitaomba Leta ruhusa, nifungulie watu kanisa," alimwambia Nabii. "Na weye utaingia, Papa. Utakaa ku benchi ya nyuma. Nitakuletea ile yangu ya musumari."